Naitrojeni kwa nafaka za bonde la mafuriko: tope, urea ya kurusha, vidonge vya kuzika au mikunde?

Shamba la kando ya mto huvutia kwa macho. Udongo wake mzito unashika unyevu, na kila maji yanapopungua huacha tope jipya juu. Kisha mahindi yanafika magotini na majani ya chini yanaanza kugeuka. Njano inaanzia nchani, inaingia ndani kwa kufuata mshipa wa katikati kama herufi V, huku kingo za jani zikibaki kijani kwa muda. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, na huwashangaza wengi, maana wamesikia tangu zamani kwamba tope ndilo mbolea.

Tope ni mbolea kweli, ila si ya kila kitu. Ni mwamba uliosagika ukasafiri na maji, kwa hiyo huleta kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na fosforasi. Naitrojeni kwa sehemu kubwa haikai kwenye mwamba. Inakaa kwenye mabaki ya mimea na viumbe, na tope lililotoka milimani lina mabaki machache. Nyanda za mafuriko za Amazon ni mfano mzuri. Mito ya huko iliyojaa tope la Andes huacha ardhi yenye kalsiamu na fosforasi ya kutosha, lakini nafaka ikipandwa, kinachokwamisha kwanza ni naitrojeni. Tena mito haifanani: Rio Negro, wenye maji meusi yasiyo na tope, huacha ardhi fukara kandokando yake.

Shida ya pili ni kwamba hata hiyo kidogo iliyopo haitulii. Udongo uliokauka unapolowa, vijidudu huamka na kuvunja mabaki kwa kasi. H. F. Birch alilieleza jambo hili mwaka 1958 kutokana na utafiti wake huko Muguga, Kenya. Nitrati, naitrojeni iliyo katika hali ya kuyeyuka majini, hujaa ardhini katika muda mfupi. Yakija maji yakatuama na oksijeni ikaisha, bakteria huigeuza nitrati hiyo kuwa gesi ikarudi hewani. Sehemu ya gesi hiyo ni nitrasi oksidi, ambayo kwa uzito ule ule hupasha joto angahewa zaidi ya mara 250 kuliko kaboni dioksidi. Kwenye kichanga nitrati huzama chini kusikofikiwa na mizizi. Ndiyo maana nasema mkulima wa bondeni hachagui mbolea peke yake. Anachagua namna ya kuifikisha naitrojeni kwenye mzizi kabla maji hayajaifikia.

Vigezo, na jembe moja la udongo

Nimezipima njia nne kwa mambo yale yale. Kwanza, naitrojeni inayoingia kwenye mmea hasa, si ile iliyoandikwa kwenye mfuko. Pili, linalotokea maji yakiwahi, yakichelewa au yakigoma kuondoka. Tatu, fedha na kazi, pamoja na wakati kazi hiyo inapoangukia. Nne, hali ya udongo na ya mto baada ya misimu kadhaa. Mwisho, nani anafaa kuitumia.

Kiasi kinachohitajika kinajulikana. Kwa kila tani ya punje, mahindi huchukua ardhini takriban kilo 20 hadi 25 za naitrojeni, na kama kilo 15 kati ya hizo huondoka shambani na punje. Mpunga huchukua pungufu kidogo, kilo 15 hadi 20 kwa tani. Anayelenga tani nne za mahindi kwa hekta anazungumzia kilo 80 hadi 100, na udongo wenyewe utatoa sehemu yake.

Kabla ya kusoma zaidi, chimba shimo la sentimita 30 na utazame bonge la udongo mkononi. Likiwa la kahawia tupu, maji hayakai hapo. Likiwa la kijivu lenye michirizi ya rangi ya kutu kando ya njia za mizizi, maji hupanda na kushuka, na hapo ndipo naitrojeni hupotea zaidi, kwa sababu nitrati hutengenezwa wakati wa ukavu na kuangamizwa wakati wa maji. Likiwa la kijivu tupu chini ya tabaka jembamba la juu, maji hutuama muda mrefu. Pale pale bondeni, ukingo wa mto huwa na udongo mwepesi ulioinuka, na huko nyuma mbali na mto huwa na mfinyanzi mzito ulioshuka. Shamba moja linaweza kuwa na vyote viwili, na kuyapa yote mbolea ya aina moja kwa siku moja ni kupoteza.

Njia ya kwanza: kutegemea tope na udongo wenyewe

*Kinachofika kwenye mmea.* Kwenye majaruba yenye maji kuna msaada ambao wengi hawauoni. Mwani wa kijani-buluu na bakteria wanaoishi majini na kwenye tope hukamata naitrojeni ya hewani, kwa kawaida kama kilo 20 hadi 30 kwa hekta kwa msimu. Ndiyo sababu mpunga usiotiwa kitu huendelea kutoa mavuno ya wastani mwaka baada ya mwaka. Mahindi ya ukingoni hayana msaada huo. Ardhi yake ikitoa kilo 40, hiyo ni hesabu ya tani mbili kwa hekta, na palizi ikichelewa magugu yatakula sehemu yake.

*Maji yakibadilika.* Njia hii ina nguvu kwenye kilimo cha kufuata maji yanapopungua, kile ambacho watu wa bonde la Rufiji hukiita mlau. Unapanda kwenye unyevu uliobaki, mafuriko yakiwa yameshapita, kwa hiyo nitrati inayozaliwa ardhini haina mafuriko ya kuipoteza. Udhaifu wake ni kwamba unamtegemea mto usiotawaliwa na wewe. Nchini Misri, Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope la Nile lilianza kubaki bwawani na mashamba ya chini yakazidi kutegemea mbolea za viwandani. Kama mto wako umejengwa bwawa huko juu, usiendelee kupiga hesabu za wazee.

*Fedha na kazi.* Hakuna fedha inayotoka, na kazi ni palizi.

*Udongo na mto.* Mto hauchafuliwi. Udongo hudumu iwapo mabua na majani yanabaki shambani, na huchoka yakichomwa, kwa sababu moto hurudisha karibu naitrojeni yote ya mabua hewani.

*Inamfaa nani.* Anayelima mahali ambapo mazao huchukuliwa na mto mara kwa mara, au anayetaka chakula cha nyumbani bila kuingiza mtaji. Haimfai aliyejipangia tani nne.

Njia ya pili: urea ya kurusha, kwa awamu

Nitakaa hapa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hii ndiyo inayotumiwa na wengi na ndiyo inayoharibiwa na wengi.

*Kinachofika kwenye mmea.* Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Ukiirusha juu ya maji ya jaruba, mpunga hupata mara nyingi theluthi moja tu au zaidi kidogo. Sababu inaonekana kwa macho. Mchana wa jua kali, mwani wa kijani ndani ya maji hunyonya kaboni dioksidi, na pH ya maji, yaani kipimo cha tindikali na alkali, hupanda hadi 9 na kuzidi. Katika hali hiyo amonia iliyotokana na urea huondoka kama gesi, hasa katika wiki ya kwanza. Mkulima anaona maji yamekuwa kijani kibichi na kudhani mambo yanakwenda vizuri, kumbe mbolea inalisha mwani.

Namna ya kupunguza hasara si ngumu. Toa maji kwanza, rusha urea kwenye tope, kisha rudisha maji polepole ili yaishushe ndani. Gawanya dozi: sehemu wakati machipukizi yanaanza kuongezeka, sehemu kubwa nyingine wakati suke linaanza kuumbika ndani ya shina, kama siku 65 hivi kabla ya kuvuna. Kwa mahindi chimba kishimo cha sentimita tano kando ya mmea, weka, fukia. Urea iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu bila kufukiwa haitofautiani sana na ile ya kwenye maji.

Aina ya mbolea pia ina maana yake. CAN (kalsiamu amoniamu nitrati) ni nzuri kwa mahindi ya ukingoni, lakini nusu ya naitrojeni yake ni nitrati, na nitrati kwenye jaruba lenye maji ni ya kupotea tu. SA (salfeti ya amoniamu) ina asilimia 21 ya naitrojeni pamoja na asilimia 24 ya salfa. Inafaa pale ambapo majani machanga ndiyo yanayopauka badala ya yale ya chini, kwani hiyo ni dalili ya upungufu wa salfa. Ikitumiwa miaka mingi huongeza tindikali kwenye udongo.

*Maji yakibadilika.* Hapa njia hii inazishinda nyingine, na nadhani haisifiwi inavyostahili: unaweza kusubiri. Mbolea iliyobaki ghalani haiwezi kuchukuliwa na mafuriko. Mahindi ambayo hayajafikisha majani sita bado yana ncha ya kukua chini ya ardhi, na siku mbili hadi nne za kuzama katika maji ya joto zinatosha kuyaua. Kuyapa dozi yote siku ya kupanda, katika msimu ambao mto bado unapanda, ni kuweka fedha mahali pabaya. Maji yakija yakaondoka na mimea ikabaki hai, dozi ndogo baada ya udongo kupitisha hewa huirudisha shambani sehemu ya nitrati iliyopotea.

*Fedha na kazi.* Fedha zinahitajika mapema. Kazi ni nyepesi, ila awamu ya pili huangukia wakati wa palizi, na watu wengi huiruka kwa sababu hiyo.

*Udongo na mto.* Kinachopotea huenda hewani au mtoni. Acha ukanda wa nyasi usiotiwa mbolea kando ya mto. Usirushe mvua kubwa ikiwa imekaribia.

*Inamfaa nani.* Mwenye shamba ambalo maji yake hayatabiriki lakini anaweza kufika shambani kwa wakati anaoutaka. Akiwa na kadi ya rangi ya majani, ile yenye vipande vya kijani kuanzia kilichopauka hadi kilichokolea, atajua lini mpunga unahitaji kuongezewa.

Njia ya tatu: vidonge vya urea vya kuzika

*Kinachofika kwenye mmea.* Urea hushindiliwa kuwa vidonge vya gramu 1.8 au 2.7. Siku saba hadi kumi baada ya kupandikiza, kidonge kimoja huzikwa katikati ya kila mashina manne, kina cha sentimita saba hadi kumi. Kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20 hiyo ni vidonge 62,500 kwa hekta. Vya gramu 1.8 huleta kama kilo 52 za naitrojeni, vya gramu 2.7 kama kilo 78. Kule chini hakuna oksijeni, kwa hiyo amoniamu, naitrojeni inayotokana na urea, haigeuki nitrati, inashikwa na mfinyanzi, na mzizi unaifuata taratibu. Bangladesh, ambako njia hii ilienezwa sana, wakulima walipunguza urea kwa takriban theluthi moja na bado wakavuna zaidi. Maji ya juu hubaki na naitrojeni kidogo, na mwani unapungua.

*Maji yakibadilika.* Maji yakituama muda wote, hakuna njia bora kuliko hii. Jaruba likikauka na kupasuka kisha likalowa tena, faida inapungua, kwani oksijeni huingia na amoniamu ikageuka nitrati. Tena kilichozikwa hakirudi: mafuriko yakisomba mpunga wiki mbili baadaye, dozi nzima imekwenda. Kwenye kichanga usijaribu, maji yataizamisha. Kwa mahindi, kidonge kilichofukiwa kando ya shina huzuia amonia kutoroka, lakini udongo wa mahindi una hewa, kwa hiyo nitrati itatengenezwa na mafuriko yataikuta.

*Fedha na kazi.* Unanunua urea kidogo, unatumia mikono mingi. Kuzika vidonge hekta nzima kwa kuinama ni kazi nzito, na lazima mpunga uwe umepandwa kwa mistari. Nimeona shamba ambalo vibarua walidumbukiza kidonge na kusonga mbele bila kuziba tundu kwa kidole. Matundu yakabaki wazi, maji yakaingia, na ile faida yote ya kuzika ikapanda juu na maji. Kuziba tundu ndiko kunakofanya kazi hii iwe na maana.

*Udongo na mto.* Kwa upande wa mto hii ndiyo njia safi zaidi kati ya zile za mbolea za viwandani.

*Inamfaa nani.* Mwenye majaruba ya mfinyanzi, anayeyatawala maji yake, aliye na nguvu kazi wiki moja baada ya kupandikiza. Anayemwaga mbegu kwa mkono bila mistari aachane nayo.

Njia ya nne: mikunde na mbolea ya kijani

*Kinachofika kwenye mmea.* Inategemea kunde gani na unavuna nini. Kunde au choroko zikivunwa, sehemu kubwa ya naitrojeni huondoka na punje, na kinachobakia kwa nafaka inayofuata ni msaada tu. Mukuna iliyofukiwa yote, au Sesbania rostrata iliyokua siku 50 hivi, inaweza kuacha kilo 80 hadi 100 kwa hekta. Ili ujue kama kazi inafanyika, ng'oa mmea mmoja kabla haujatoa maua na upasue vinundu vya mizizi kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu au pa waridi, bakteria wanafanya kazi. Pakiwa peupe au kijani, mmea huo unakula naitrojeni ya ardhini kama mwingine wowote.

*Maji yakibadilika.* Mikunde mingi haivumilii maji, na kunde huanza kufa baada ya siku chache. Sesbania rostrata ni tofauti: ina vinundu kwenye shina, juu ya maji, kwa hiyo huendelea hata jaruba likiwa limejaa. Hukua vizuri siku zinapokuwa ndefu na huwahi kutoa maua siku zikifupika. Ndani ya maji kuna pia azola, jani dogo linaloelea na kuhifadhi ndani yake mwani unaokamata naitrojeni. Wakulima wa Vietnam na China wameitumia tangu zamani. Azola hutaka fosforasi, na hiyo tope zuri huwa nayo.

Hatari kubwa ni wakati wa kufukia. Mikunde ikifukiwa mwezi mmoja kabla ya mafuriko, itaoza, itatoa nitrati, na maji yataiondoa yote. Fukia karibu na siku ya kupandikiza, kisha ingiza maji mara moja ili naitrojeni ibaki katika hali ya amoniamu.

*Fedha na kazi.* Mbegu, kulima mara ya ziada, na zaidi ya yote muda: ardhi inashikwa wiki saba au nane. Kwa mwenye dirisha fupi kati ya maji na maji, huo ni mzigo mkubwa kuliko fedha.

*Udongo na mto.* Hapa ndipo njia hii inapoongoza. Mabaki huongezeka, na udongo mwepesi wa ukingoni hushika maji na virutubisho vizuri zaidi.

*Inamfaa nani.* Mwenye msimu mtupu wenye unyevu baada ya mavuno, asiye na uhakika wa kupata mbolea, au mwenye ardhi nyepesi iliyochoka.

Kuhusu samadi niseme machache. Tani tano kavu zenye asilimia 1.5 ya naitrojeni zina kilo 75, lakini msimu wa kwanza mmea hupata robo au theluthi tu. Ni nzito kubeba na mafuriko huisomba. Iweke ukingoni palipoinuka, ifukie, na uihesabu kama nyongeza ya njia yoyote kati ya hizi.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama una jaruba la mfinyanzi na unaamua mwenyewe maji yaingie na kutoka lini, anza kwa kulinganisha vidonge na urea ya awamu katika nusu mbili za jaruba hilo. Vikikosekana vibarua, urea iliyorushwa kwenye tope baada ya kutoa maji inaweza kukufikisha karibu na hapo.

Kama maji huja yanapotaka na unalima mpunga, shikilia urea ya awamu na usitoe awamu ya mwisho mpaka uone mmea umesimama. Sesbania kabla ya kupandikiza inaweza kuchukua nafasi ya awamu ya kwanza iwapo mvua huanza mapema na siku ni ndefu.

Kama unapanda mahindi au mtama maji yakishapungua, hofu ya mafuriko imepita, kwa hiyo dozi ndogo ya urea au CAN iliyofukiwa kando ya mmea wenye majani sita hadi nane hulipa, mradi unyevu bado upo chini. Udongo ukishakauka juu, mbolea hiyo italala hapo bila kuguswa na mzizi, na ni afadhali kutegemea tope na palizi ya mapema.

Kama mahindi yako hupandwa kabla ya mto kujaa, chagua mbegu inayokomaa haraka, panda palipoinuka, na usiweke naitrojeni nyingi kabla ya majani sita.

Kama ardhi ni kichanga cha ukingoni, changanya mikunde na dozi ndogo ndogo za mbolea.

Na kama hujui udongo wako unatoa kiasi gani, tenga kiraka cha mita tano kwa tano katikati ya shamba, mbali na kingo na njia ya maji, usikipe naitrojeni msimu mmoja. Vuna peke yake, pima kilo, zidisha kwa 400, utapata kilo kwa hekta. Kwa mpunga, kila tani unayotaka kuongeza juu ya hapo huhitaji kama kilo 50 za naitrojeni. Kiraka kikitoa tani mbili na nusu na lengo lako ni nne, unatafuta kilo 75, yaani zaidi kidogo ya mifuko mitatu ya urea. Ukizika vidonge, au ukifukia sesbania iliyostawi, punguza idadi hiyo.